Kabla ya Kusema Dawa ya Zabibu ni Feki, Soma Namba ya Kundi

Kila mizabibu ya Dodoma inapopogolewa na kuanza kuchipua, malalamiko ni yaleyale: "Dawa ni feki, ubwiriunga hausikii." Ubwiriunga ni ule ugonjwa wa kuvu unaoacha unga mweupe kwenye mizabibu. Feki zipo, hatukatai. Lakini wengi wanaolalamika wamepuliza dawa halisi ya kundi moja msimu hadi msimu, na walipobadilisha, walibadilisha kopo tu, kundi likabaki lilelile. Namba ya kundi, iliyo kwenye lebo, inaonyesha dawa inashambulia kuvu kwa njia gani.

Viambato vyote ambavyo majina yake huishia na "strobin" ni kundi namba 11. Vinashambulia sehemu moja ya seli ya kuvu, kwa hiyo kuvu akishakizoea kimoja, vingine navyo vinagonga mwamba. Ulaya dawa hizi zilianza kuuzwa mwaka 1996. Kufikia 1999 tayari kulikuwa na ubwirivinyoya (ugonjwa mwingine wa mizabibu) sugu kwa dawa hizi katika mizabibu ya Ufaransa na Italia. Sisi tunaovuna mara mbili kwa mwaka tunawapa vimelea nafasi mara mbili ya kuzoea. Kuongeza kipimo hakusaidii, na tumelisema hili mpaka tumechoka.

Salfa na shaba, dawa za wazee, hushambulia sehemu nyingi za seli kwa pamoja, ndiyo maana usugu ni nadra. Zungusha makundi, ukiziweka hizo katikati. Ila salfa usipulize jua likiwa kali: joto likizidi nyuzi 30 majani huungua.

Dawa za kibiolojia, kama zenye bakteria Bacillus subtilis, nazo zina nafasi, mradi zipulizwe mapema kabla ugonjwa haujashika. Ukisubiri zabibu ziwe nyeupe kama zimemwagiwa unga, usizilaumu. Zile zenye kuvu Ampelomyces, anayeishi kwa kula ubwiriunga, usizichanganye na salfa, kwa sababu salfa humuua yeye pia. Dawa hizi zote za kibiolojia ni viumbe hai, zisiachwe juani.

Bado unashuku dawa? Kuuza kiuatilifu kisichosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, lakini tunahitaji ushahidi. Leta kopo lenye lebo na namba ya toleo, stakabadhi ya duka, tarehe za kupuliza, kipimo ulichotumia, na majani yenye ugonjwa ndani ya mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huyaozesha kabla hayajafika maabara. Unga wa dawa uliofungwa kwenye gazeti, bila kopo wala lebo, hatuupokei.