Kupenda magari si kujua kuyauza

Kila nikitangaza nafasi ya muuzaji hapa yadi, Mombasa, barua zinazoingia ungedhani zimeandikwa na mtu mmoja. "Nimependa magari tangu utotoni." "Magari ndiyo maisha yangu." Kijana akija kwa mahojiano, hata kiti hajakikalia, ashaniuliza kama tuna Subaru yenye turbo. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: anayeyapenda magari zaidi ndiye atakayeyauza zaidi.

La hasha. Siwafukuzi wapenzi wa magari, na nitasema baadaye wanapofaa. Lakini wengi wao wakisimama na mnunuzi, mazungumzo yote wanayafanya na gari. Alikuja mama mmoja na watoto wawili, akalizunguka Toyota Fielder jeupe, akafungua buti, akauliza: "Kigari cha mtoto kitaingia hapa pamoja na mizigo ya Taveta?" Kijana niliyekuwa namjaribu akavuta pumzi, akaanza. Injini inatumia mnyororo wala si mkanda. Gia yake ya otomatiki, CVT, yataka mafuta yake maalumu. Yeye binafsi angesubiri mpaka apate la gia za mkono. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akasema "ahsante mwanangu," akawashika watoto mikono, akatoka. Swali lake lilihitaji jambo moja tu: vilaze viti vya nyuma, aone nafasi kwa macho yake.

Maswali ya wateja wangu hayabadiliki. Linakula mafuta vipi? Sipea zinapatikana? Litapita njia ya kwetu bila kugusa chini? Nikitaka kuliuza baada ya miaka mitatu, nitapata ngapi? Hakuna hata mmoja anayeniuliza linafika kilomita mia kwa sekunde ngapi. Na nyuma ya maswali hayo yote pana moja ambalo mteja huona haya kulitamka: nitaweza kulilipa?

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Mteja anakuonyesha simu: "Japan naliona dola elfu tano, nyinyi mbona mnaniambia zaidi ya milioni?" Mpenzi wa magari anakasirika, au anacheka. Muuzaji anachukua kalamu. Anamwonyesha kuwa dola elfu tano ni bei ya gari likiwa bado Japan, kabla ya nauli ya meli na bima. Anamweleza kuwa kwa gari lililotumika KRA, mamlaka ya kodi, haiendi na risiti yako. Ina orodha yake ya bei za magari mapya, CRSP, na kutoka hapo inapunguza uchakavu kwa umri wa gari, kisha inaondoa kodi zilizomo ndani ya bei hiyo. Juu ya thamani hiyo huja ushuru wa forodha, asilimia 35. Ushuru wa bidhaa, unaotegemea ukubwa wa injini, hupigwa juu ya jumla hiyo, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya yote yaliyotangulia. Bado hujalipia tozo ndogondogo, bandari na wakala wa kulitoa gari. Ukiweza kuiandika hesabu hiyo kwenye karatasi moja, pole pole, mstari kwa mstari, mteja anaacha kukuona mwizi. Ukishindwa, ataenda kwa broka aliye barabarani, ambaye hatamweleza chochote lakini atamwita "mkubwa".

Halafu kuna benki. Gari likinunuliwa kwa mkopo, kwenye logbuku, hati ya umiliki wa gari, huandikwa jina la benki pamoja na la mteja hadi deni liishe, na wapo wateja wanaolisikia jambo hili kwa mara ya kwanza siku ya kutia saini. Wanashtuka, wanadhani wametapeliwa. Kama muuzaji alijua mapema, alishawaambia. Kama alikuwa anasimulia habari za turbo, sasa ninaitwa mimi nitoke ofisini nikazime moto.

Ushauri wangu kwa vijana ni uleule na nitaurudia mpaka nistaafu: uliza maswali matatu, halafu nyamaza. Nani ataliendesha? Litalala wapi? Pesa zinatoka wapi? Hilo la pili watu hulidharau, na ndilo lenye habari nyingi. Gari litakalolala nje karibu na bahari litaliwa na chumvi, na mteja wake anahitaji kuonyeshwa chini ya gari kabla ya kuonyeshwa redio. Gari litakalolala mwisho wa njia ya mawe halitaki rimu kubwa na tairi nyembamba, hata zikupendeze vipi.

Sasa hilo nililoahidi. Mapenzi ya magari husaidia kwenye karatasi ya mnada ya Japan, ile inayoeleza hali ya gari lilipouzwa mnadani huko. Mwenye shauku huisoma bila kulazimishwa: gredi 4.5 ni gari safi, R ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Kwenye ule mchoro wa bodi, A1 ni mkwaruzo mdogo, U2 ni mbonyeo, W ni mahali palipotengenezwa pakaacha alama, XX ni kipande kilichobadilishwa. Ukimpa kijana kama huyo gari na karatasi yake, atafungua boneti na kukuonyesha bolti ambayo spana ilishaipita, rangi imebanduka kwenye pembe zake. Mteja akiuliza "hili limegongwa?" anajibiwa ukweli, karatasi ikiwa mezani. Ujuzi huo nauthamini sana. Ila uje baada ya maswali matatu.

Zipo na dhana nyingine. "Nitashinda kutwa na magari ya ndoto zangu." Yapi hayo? Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2026 hiyo ni kuanzia 2019 kuja huku. Supra ya JZA80 na Skyline GT-R R34 ziliacha kutengenezwa 2002, na Lancer Evolution ya mwisho ilitoka 2016. Unazoziona barabarani ziliingia zamani na zinauzwa baina ya wenyewe kwa wenyewe. Yadini utakuta Note, X-Trail, Fielder, CX-5, na Demio za 2019, mwaka ambao Mazda yenyewe ililiacha jina hilo nyumbani Japan ikaliita gari Mazda2. Kama Demio ya kijivu haikusisimui, miezi yako hapa itakuwa mirefu.

"Namba za KD zitaniruhusu kutembea na gari lolote." Namba hizo za wauza magari zimetolewa kwa biashara: kulihamisha gari ambalo halijasajiliwa, au kumpa mteja alijaribu. Ukionekana nalo kwenye nyama choma Jumamosi usiku, umejifukuza mwenyewe. Sina la kuongeza.

"Lazima uwe umesomea ufundi." Hapana. Fundi tunaye. Mimi naangalia leseni, cheti cha mwenendo mwema, PIN ya KRA, kisha nakukabidhi ufunguo wa gari lililobanwa pembeni na kukuambia ulitoe kinyumenyume, mengine matano yakiwa yamekuzunguka. Nimeona watu wanaotaja misimbo ya chesi kwa moyo wakishindwa hapo. Pia jifunze gia za mkono. Mapikapu na malori madogo yapo, na mnunuzi wake akigundua kuwa muuzaji hawezi kuliondoa gari, bei inaanza kushuka hapo hapo.

"Ni kazi ya suti na kiyoyozi." Asubuhi huanza kwa ndoo na kitambaa. Vumbi la usiku likichanganyika na unyevu wa bahari huganda kwenye kioo. Gari lililosimama wiki kadhaa betri yake hufa, kwa hiyo mtu huzunguka akiziwasha injini moja baada ya nyingine, akiangalia upepo wa tairi. Mtu huyo ni wewe.

"Kamisheni inaingia siku mteja anaponunua." Hii huwaumiza vijana kwelikweli, maana wameshakopa wakiitegemea. Mteja kukupa mkono na kupiga picha na ufunguo hakujamaliza lolote. Benki iidhinishe, pesa ziingie, na kama gari lilishasajiliwa, uhamisho wa umiliki uanzishwe kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ada ilipwe kulingana na ukubwa wa injini, mnunuzi naye aingie kwenye akaunti yake akubali. Wapo wanaosahau nywila zao hata wiki nzima, na wewe ndiye wa kuwapigia kila siku: "Mzee, shikamoo, umeweza kuingia?" Mwezi mbaya hupati zaidi ya mshahara wa msingi, na huo si mkubwa. Njoo ukiwa na nauli ya miezi miwili mfukoni. Siku ya mahojiano uliza waziwazi: kamisheni inahesabiwa kwa bei ya gari au kwa faida, inalipwa baada ya hatua gani, na mteja akighairi je? Taka jibu liandikwe kwenye mkataba. Mwajiri akianza kuzungukazunguka, chukua leseni yako uende yadi inayofuata.