Mgongano wa maslahi, na usaili wa anayetaka kusimamia makasino

Mgongano wa maslahi ni hali ambayo mtu mwenye mamlaka ya umma ana jambo lake binafsi, au la mwenzi wake, au la ndugu yake, linaloweza kuuvuta uamuzi wake upande mmoja. Si lazima awe amepokea chochote, wala si lazima awe amekosea. Inatosha kwamba mwananchi wa kawaida akiambiwa ukweli wote atasema, huyu kwenye faili hili hapaswi kukaa. Wengi huichanganya hali hii na rushwa. Rushwa ni tendo, na aliyeitenda ana kosa la kujibu. Mgongano wa maslahi ni mazingira, na mtu mwaminifu kabisa anaweza kujikuta ndani yake kwa sababu tu shemeji yake ameajiriwa mahali fulani.

Katika kazi nyingi za serikali jambo hili huishia kwenye fomu inayojazwa siku ya kwanza na kufungiwa kabatini. Mwombaji wa nafasi ya juu ya kusimamia makasino na michezo ya kubahatisha hawezi kulimaliza hivyo, kwa sababu huko ndiko usaili unakoelemea. Leseni za kasino huwa chache, fedha ni nyingi, na anayezitoa ndiye pia anayeweza kuzifuta. Massachusetts, Marekani, inafaa kutazamwa kwa karibu. Sheria yake ya 2011 iliruhusu makasino makubwa yasiyozidi matatu katika jimbo zima, pamoja na ukumbi mmoja wa mashine za sloti. Kampuni iliyopata leseni ya eneo la Boston ilijenga jengo la dola bilioni 2.6. Mbele ya fedha za namna hiyo, hata uhusiano mdogo wa mdhibiti na upande mmoja una uzito.

Kwa hiyo sheria hiyo iliwazungushia wadhibiti ukuta. Tume ya michezo ya kubahatisha ya jimbo hilo ina makamishna watano, na wanaotoka chama kimoja cha siasa hawaruhusiwi kuzidi watatu. Kamishna hupekuliwa historia yake kabla ya kuteuliwa. Haruhusiwi kucheza kamari katika kasino anazozisimamia. Wenye leseni nao, yaani wamiliki na wakuu wa kampuni, hupekuliwa fedha zao, washirika wao na mwenendo wao. Naona ni haki kabisa: huwezi kumhukumu mtu kwa kipimo ambacho wewe mwenyewe hukukipitia.

Kisha kuna usaili wenyewe. Sheria ya mikutano ya wazi ya jimbo hilo inaruhusu mchujo wa awali kufanyika faragha, kwa sababu mtu mwenye kazi nzuri kwingineko ataogopa kuomba ikiwa bosi wake atalisoma jina lake gazetini. Ila waliovuka mchujo huo husailiwa hadharani, mbele ya yeyote anayetaka kusikiliza, wakiwemo waandishi wa habari na watu wa kampuni zitakazosimamiwa. Gharama yake ipo, na wapo wazuri wanaojiondoa wakifika hatua hiyo. Hata hivyo naiunga mkono. Mwaka 2012, tume hiyo ikiwa bado changa, mtu iliyemteua kukaimu ukurugenzi mtendaji alijiondoa kabla ya kuanza kazi, baada ya watu kuhoji namna tume ilivyozipima tuhuma za zamani dhidi yake. Maswali ambayo hayakuulizwa mapema mbele ya umma yaliulizwa baadaye, kwa kishindo kikubwa zaidi.

Jopo linataka kujua nini, basi? Kuna ya kitaalamu, na hayo mwombaji aliyejiandaa huyamudu: mapato ghafi ya kasino yanahesabiwaje, masanduku ya fedha yanatolewa mezani na nani na yanafunguliwa mbele ya nani, mchezaji aliyeomba mwenyewe azuiwe kuingia anatambuliwaje mlangoni. Ugumu unaanza pale maswali yanapogeukia maisha yake. Mfuko wako wa uzeeni umewekeza kwenye hisa za kampuni gani? Uliwahi kuwa wakili wa hoteli inayomilikiwa na mwenye leseni? Mwenzi wako anafanya kazi wapi? Una deni kwa nani?

Hapa waombaji wengi hukosea kwa kudhani jibu zuri ni kwamba hawana uhusiano wowote na sekta. Mtu anayejua mashine ya sloti inavyoweza kuchezewa alijifunza mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni ndani ya sekta hiyo hiyo. Sheria ya Nevada, ambako Bodi ya Udhibiti wa Michezo ya Kubahatisha ilianzishwa 1955, inataka mmoja wa wajumbe watatu awe mtaalamu wa hesabu, fedha au uchumi, na mwingine awe na uzoefu wa uchunguzi, utekelezaji wa sheria, uanasheria au kamari. Watu wa namna hiyo wana historia. Kinachotafutwa ni kama mtu anaiona historia yake kama wengine wanavyoiona, na kama anajua dawa zake: kutamka, kuuza hisa, au kujitoa katika shauri. Mwombaji anayesema, bila kuulizwa mara mbili, kwamba aliwahi kulipwa na kampuni fulani na kwamba faili lolote la kampuni hiyo atamwachia mwenzake, amelijibu swali. Anayesema “mimi ni mtu wa haki, sitayumba” hajalijibu.

Umuhimu wake ulionekana 2019. Steve Wynn, mwanzilishi wa kampuni iliyokuwa ikijenga ile kasino ya Boston, alikuwa amejiuzulu mwaka uliotangulia kufuatia tuhuma za unyanyasaji wa kingono, ambazo amezikanusha. Tume ilibaini kwamba baadhi ya viongozi wa kampuni walizijua tuhuma hizo na hawakuzifikisha kwake. Iliitoza kampuni faini ya dola milioni 35 na kuiachia leseni kwa masharti, wiki chache tu kabla ya milango kufunguliwa mwezi Juni. Wapo waliosema faini ilikuwa ndogo, wapo waliosema kubwa. Ikiwa mmoja wa waamuzi angekuwa na hisa za kampuni hiyo, mjadala wote ungekuwa juu yake badala ya uamuzi.

Kuna mgongano mwingine ambao majopo huugusa kwa woga: ule wa serikali yenyewe. Massachusetts huchukua asilimia 25 ya mapato ghafi ya makasino makubwa na asilimia 49 ya ule ukumbi wa sloti. Mapato ghafi ni fedha walizoweka wachezaji ukitoa walizoshinda, yaani ni hasara yao. Mwajiri wa mdhibiti hunufaika wachezaji wakipoteza zaidi. Ufilipino imefika mbali kuliko hapo: shirika la serikali la kamari, PAGCOR, limeendesha makasino yake lenyewe huku likisimamia ya wengine. Ningekuwa kwenye jopo lolote ningeuliza hili: Waziri wa Fedha akikupigia simu akitaka leseni zitoke haraka kwa sababu bajeti ina pengo, utafanya nini?

Afrika Mashariki swali hilo si la mbali. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania iko chini ya Wizara ya Fedha. Kenya, iliyokuwa ikitumia sheria ya 1966, ilipata Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari mwaka 2025, inayounda mamlaka mpya badala ya bodi ya zamani, wakati vijana kila mtaa wanaweka mikeka kwa simu. Mwombaji wa nafasi ya juu ya umma huko huzunguka kukusanya vyeti vya Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu: cha ushuru kutoka KRA, cha mkopo wa masomo kutoka HELB, cha tume ya maadili EACC, cha mwenendo mwema kutoka kwa wapelelezi wa DCI, na cha taarifa ya madeni kutoka CRB. Ni utaratibu mzuri, ila vyeti hivyo vitano vinaonyesha madeni na makosa. Hakuna hata kimoja kinachosema kwamba kaka yake ana hisa katika kampuni ya kubeti. Hilo linatoka kwenye tamko la mali na maslahi, na kwa jopo lenye ujasiri wa kulisoma mstari kwa mstari mwombaji akiwa amekaa mbele yake.

Na ukuta hauishii siku ya kustaafu. Nevada humzuia mjumbe wa bodi kuajiriwa na mwenye leseni kwa mwaka mmoja baada ya kutoka. Sababu iko wazi: anayetarajia kazi kwa mtu hawezi kumkagua vizuri, hata kama kazi yenyewe ni ya miaka mitatu ijayo. Mwombaji makini huuliza kuhusu kifungu hicho akiwa bado kwenye kiti cha usaili, pamoja na mshahara, maana kinagusa riziki yake ya baadaye. Jopo halina sababu ya kuliona swali hilo kuwa utovu wa adabu.