Kushuka kutoka Uhuru: kamba, kucha na misuli ya paja

Wageni wengi huniuliza watafikaje kileleni. Wanaouliza watarudije ni wachache. Nimeongoza watu Kilimanjaro miaka mingi, na machozi mengi niliyoyashuhudia yalitoka kati ya Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, na Mweka, njia ya kushukia, picha za kileleni zikiwa tayari kwenye simu.

Piga hesabu. Kwa njia ya Lemosho, ukichukua siku nane, unapanda kidogo kidogo, pole pole, mpaka Uhuru, mita 5,895, ambako kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni uliyozoea pwani. Halafu unashuka zaidi ya mita 4,200 hadi lango la Mweka kwa siku moja na nusu hivi. Tena unaanza kushuka ukiwa umetembea tangu saa sita usiku.

Anayeumia hapo ni msuli wa mbele ya paja. Ukipanda, unajikunja na kukusukuma. Ukishuka, unavutika huku umebeba uzito wako wote, kama breki za lori mteremko wa Kitonga. Nyuzi zake huchanika kidogo kidogo, na maumivu yenyewe huchelewa: kesho yake au keshokutwa, uko kwenye basi, kuinuka huwezi.

Lakini msuli huu hujifunza upesi. Ukishauchosha kwa mteremko mara moja, zoezi lile lile halitauumiza vile tena kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo uliye Dar usiniambie huna mlima. Tafuta jengo refu, panda kwa lifti, shuka kwa ngazi, rudia. Anza mwezi mmoja kabla ya safari, na siku chache za mwisho upumzike.

Jioni pale Barafu napita hema kwa hema kukagua kucha na kamba. Kucha za miguu ziwe fupi. Asiyekata, mkasi ninao. Ukivaa buti, gonga kisigino chini mara mbili kikae nyuma kabisa, ndipo ukaze kamba pale mguu unapokunjika. Ikilegea hapo, mguu unateleza mbele kila hatua na kidole gumba kinagonga buti kutwa nzima. Mwalimu mmoja wa Dodoma nilimpita usiku ule bila kumkagua. Tulipomvua soksi kambi ya Mweka, kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa nyeusi kama zambarau, damu imejaa chini yake. Kesho yake akashuka ngazi za msituni kinyumenyume, ameshika bega langu. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi kamba za kila mgeni nazijaribu kwa mkono wangu.

Chini ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, changarawe iliyoganda usiku inakuwa imelegezwa na jua. Kanyaga kwa kisigino, goti likunje kidogo, fimbo zirefushe kuliko ulivyopandia. Na huko chini ya Barafu, usishindane na wagumu, yaani wapagazi, wanaokupita mbio na mizigo. Ile ni kazi yao ya kila wiki.

Na ukirudi Barafu, kabla ya kuendelea na Mweka, kaa unywe maji ya kutosha hata kama husikii kiu. Kambi ile haina chanzo cha maji. Hayo unayokunywa wagumu wameyabeba kutoka bonde la Karanga.