Mji Mkongwe haukujengwa ovyo

Nimelisikia tena, safari hii kwa mgeni kutoka bara, mtu aliyesoma na mwenye nia njema. Alikuwa akiwaeleza wenzake kuwa Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijengwa ovyo, kila mtu alipopata nafasi akaweka nyumba, ndiyo maana vichochoro vimejipinda. Kisha akanyoosha mkono upande wa Michenzani, kwenye yale majumba marefu ya ghorofa: kule ndiko kulikopangwa.

Hapana. Kazi yangu ni kutembeza watu katika mitaa hii, na neno hilo linanikera kuliko yote, kwa sababu mtu akishaamini kuwa mji ni fujo, huacha kuutazama. Hupiga picha milango, huuliza njia ya kurudi Forodhani, bustani ya ufukweni, basi.

Majumba ya Michenzani yamenyooka, sikatai. Yalichorwa mezani baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Mji Mkongwe haukuzaliwa mezani. Lakini nyumba ya mawe ni mali nyingi. Hakuna mtu aliyeiangusha popote tu. Mjenzi alikuwa na jirani wa kuelewana naye, msikiti wa kuendea, mzigo wa kupeleka bandarini, na familia ambayo hakutaka ionwe na kila apitaye. Mpango umo humo, na unaonekana kwa macho ukitembea polepole.

Mimi huanzia Darajani. Daraja lilikuwepo kweli: mkono wa bahari uliingia hadi hapa ukautenga mji na Ng'ambo, yaani mitaa ya upande wa pili, ukafukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na leo hapo ndipo inapopita Barabara ya Benjamin Mkapa. Ukishalijua hilo, hofu ya kupotea inakwisha. Eneo lote la urithi wa dunia, lililoandikishwa UNESCO mwaka 2000, ni hekta 96 tu, juu ya rasi. Shika upande wowote, usipindukepinduke sana, na baada ya kama robo saa utatokea ama baharini ama kwenye barabara hiyo. Hakuna mlima, hakuna ngazi za kupanda. Mzee mwenye goti bovu anaweza, mradi avae viatu visivyoteleza.

Ukishaupita ubavu wa soko, lile la 1904, acha simu mfukoni na utazame nyumba za chini. Kama sehemu yote ya mbele ni milango ya mbao ya kufunguka, duka kando ya duka, na juu yake rosheni zilizotobolewa nakshi, basi uko kwenye njia kuu. Hizo ni nyumba za mtindo wa Kihindi: biashara mbele, maisha nyuma na ghorofani. Mitaa ya namna hiyo iliunganisha pwani na Darajani, kwa hiyo ukiifuata utafika mahali. Lakini maduka yakikatika, kuta zikawa tupu, madirisha ya chini yakawa machache na ya juu juu, mlango mmoja mkubwa na baraza pembeni, umeshaingia ndani ya makazi ya watu. Hapo mtaa haukusudii kukufikisha popote. Unapinda, unabana, unaishia mlangoni kwa mtu. Mgeni husema njia imeharibika. Njia haijaharibika; inakwambia kuwa kama huna shughuli na wa humu, rudi.

Na hili la baraza niachieni nilieleze, kwani linapitwa kila siku. Vitabu vya wageni huliita benchi la mawe. Ni zaidi ya benchi. Limejengwa pamoja na mguu wa ukuta, likapakwa chokaa na kusuguliwa na makalio ya vizazi mpaka likang'aa. Mvua ya masika ikigeuza uchochoro kuwa mto, watu hupita juu yake. Zaidi ya yote, ndipo mwanamume anapompokea mwanamume mwenzake bila kumwingiza ndani. Muuza samaki, mdai, mchumba wa binti ambaye bado hajakubaliwa, wote hao wana pa kukaa kwa heshima, na nyumba ikabaki na siri yake.

Mgeni wa karibu zaidi huvuka kizingiti na kuingia daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni. Simama siku moja nje ya nyumba ya zamani, mlango ukiwa wazi, uone: jicho lako linagota kwenye ukuta wa daka. Ua, pale maisha yanapopikwa na kufuliwa, hauonekani. Anayeruhusiwa uani ni jamaa. Ghorofani ni wa ndani kabisa. Kwa hiyo kuna njia kuu, mtaa, uchochoro, baraza, daka, ua, ghorofa, na kila hatua inapunguza idadi ya watu. Huo ni upangaji wa mji, tena mkali kuliko wa rula. Ndiyo maana naghadhibika nikimwona mtu ameingiza kichwa na kamera dakani kwa kuwa alikuta mlango wazi. Piga hodi. Usipoitikiwa, nenda zako.

Vyumba navyo vina sababu. Ni virefu na vyembamba kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi zaidi ya takriban mita tatu. Kuta ni mawe ya matumbawe kwa udongo na chokaa, nene, na zinapumua. Ukizipaka saruji unazifungia unyevu ndani, zinaanza kuoza. Fundi yeyote wa chokaa atakwambia hivyo, na bado saruji inapakwa.

Kuhusu milango nitasema kidogo. Kizingiti cha juu kilichonyooka ni mtindo wa zamani wa Kiomani. Chenye upinde kililetwa na ladha ya Kihindi, baadaye. Misumari ya shaba haikuwekwa kuzuia tembo, maana Unguja haina tembo. Ni pambo lenye asili ya India. Na mnyororo uliochongwa kwenye fremu si ushahidi kwamba mwenye nyumba aliuza watu. Acheni kuhukumu familia za watu kwa nakshi ya seremala.

Mkunazini utafika. Kanisa kuu la Anglikana limesimama palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Sayyid Barghash. Vile vyumba vya chini ya ardhi vilivyo jirani nawaonyesha wageni, lakini nawaambia pia kuwa jengo lililo juu yake ni la wamisionari, la baada ya soko kufungwa, na kwamba wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba watumwa waliwekwa humo. Baadhi ya wenzangu hawapendi nikisema hivyo. Ukatili wa uwanja ule ni mkubwa wa kutosha. Hauhitaji kuongezewa chumba.

Shaka nyingine ninayo mwenyewe. Tumezoea kusema vichochoro vilibanwa makusudi ili vipate kivuli. Kivuli kipo, na saa saba mchana utakishukuru. Lakini nadhani kilikuja kwa sababu ardhi ya rasi ilikwisha na watoto walijenga kando ya wazazi wao. Sioni kwamba hilo linapunguza akili ya mji.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba nyumba zinageuka hoteli, na upande wa Hurumzi na Gizenga baraza nyingi zimekuwa meza za kupangia vinyago. Baraza lisilokaliwa na mtu wa mtaani linabaki jiwe tu, na mimi niletaye wageni nimo katika biashara hiyo.

Kwa hiyo ukija, njoo baada ya alasiri, jua likipungua. Toka Mkunazini, shika mtaa wa Sokomuhogo mpaka Jaws Corner, kijiwe cha kahawa, ununue kahawa na kashata, ukae. Wazee watakuwa kwenye dhumna na siasa. Toa salamu kwanza, ukitaka picha omba, ukikataliwa shukuru. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa swala, na Ramadhani usile wala kunywa barabarani kabla ya magharibi. Bega na goti vifunikwe, wanaume pia, kwani unapita ukumbini kwa watu.