Handaki la Seti halielekei kwenye hazina

Kila kundi la watalii ninalolipeleka Luxor, Misri, halikosi wa kuniuliza, tena kwa kuninong'oneza kana kwamba namficha kitu: "Kile chumba cha dhahabu mwisho wa handaki, mbona hawakionyeshi?" Nimelijibu swali hili hadi nimechoka.

Dhana: Handaki la Seti wa Kwanza, farao wa Misri ya kale, linaishia kwenye chumba cha siri.

Halina chumba. Handaki linaanzia chini ya chumba alimozikwa Seti, ndani kabisa ya kaburi lake, ambalo wataalamu huliita KV17, katika Bonde la Wafalme, walikozikwa mafarao. Mvumbuzi Mwitaliano Giovanni Belzoni aliliona mwaka 1817, likiwa limejaa kifusi. Mwaka 1960 Sheikh Ali Abd el-Rassul, mwenyeji wa huko, alichimba zaidi ya mita 100 akiifukuzia hazina hiyohiyo, akakwama. Kuanzia 2007 timu ya mwanaakiolojia Mmisri Zahi Hawass iliondoa kifusi chote, na 2010 ikafika mwisho: mita 174. Pale kuna ngazi iliyochongwa vidato vichache tu, halafu jabali. Mafundi waliishia hapo, yumkini kwa sababu mfalme alifariki.

Kilichopatikana ni maandishi ya kazi ukutani, agizo kwa wachongaji kwamba mwimo wa mlango upandishwe na njia ipanuliwe. Msimamizi akiwaelekeza mafundi wake, zaidi ya miaka 3,200 iliyopita! Kwangu mimi hilo linashinda dhahabu, lakini nikilitaja watu wanarudi palepale kwenye chumba cha siri.

Na hiyo dhahabu ingebakije? Kaburi liliporwa enzi zilezile za kale. Makuhani waliuvika mwili wa Seti sanda upya, wakauhamishia kwenye maficho ya Deir el-Bahari, ulikotolewa mwaka 1881. Belzoni alikuta jeneza la jiwe la alabasta halina mtu. Leo liko London, katika makumbusho ya Sir John Soane.

Dhana: Shimo refu kwenye njia ya ndani ya kaburi ni mtego wa kuua wezi.

Basi ni mtego dhaifu, maana Belzoni alikuta kamba za waliomtangulia zikiwa bado palepale. Bonde lile hupata mafuriko ya ghafla, na shimo hupokea maji yasifike ndani. Lilikuwa na maana ya kidini pia.

Dhana: Anayeingia kaburini hupatwa na laana.

Lord Carnarvon, Mwingereza aliyegharimia uchimbaji wa kaburi la farao Tutankhamun, alifariki 1923 kwa jeraha la mbu lililoingia vijidudu. Mwanaakiolojia Howard Carter, aliyelifungua kaburi lenyewe, aliishi hadi 1939. Tuendelee.

Dhana: Rangi iliyodumu miaka 3,000 haiharibiwi na kidole.

Hii inaniuma. Belzoni alibandika karatasi mbichi kwenye michoro ya Seti ili anakili, na rangi ikabanduka nayo. Kidole chenye jasho kinafanya vivyo hivyo, taratibu, kila siku, mgeni baada ya mgeni. Mkoba ushikeni mbele, usiburure ukutani, na mikono iwe mfukoni mpaka mtoke nje.