Kiingilio sio thamani: kivutio kama Kilwa Kisiwani kinapimwaje?

Thamani ya kivutio kwa mtalii ni kiasi ambacho yuko tayari kutoa ili akione, na hicho sio kiingilio. Watu wengi wanachanganya hapa, ukiuliza magofu ya Kilwa Kisiwani yana thamani gani unatajiwa makusanyo ya mwaka basi, wakati kiingilio kinapangwa ofisini na hakikwambii mgeni angekubali kufika wapi kabla hajasema hapana, hii ghali, nabaki kwangu.

Njia ya kwanza inaangalia gharama za safari, wazo la mchumi Harold Hotelling kwenye barua yake ya mwaka 1947 kwa idara ya hifadhi za taifa Marekani. Mtu katoka Dar, kalipa basi mpaka Nangurukuru, kachukua usafiri mwingine hadi Kilwa Masoko, kalala gesti, kala, kalipia kibali, kapanda boti kuvuka, kamlipa anayemzungusha Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Jumlisha zote, weka na siku za kazi alizoacha, hapo ndo unaijua bei aliyolipa kweli. Ukifanya hivyo kwa wageni wengi, wa Lindi mjini, wa Dar, wa Arusha, utaona gharama inavyopanda watu wanapungua, na kwa huo upungufu unakadiria yule wa karibu angekubali kutoa kiasi gani zaidi ya alichotoa. Hiyo ya zaidi wanaiita ziada ya mlaji, ndo faida yenyewe. Ila mzungu aliyekuja kwa ajili ya Serengeti na Zanzibar akapitia Kilwa siku mbili, tiketi yake ya ndege huwezi kuibebesha Kilwa yote.

Njia ya pili ni kuuliza. Kiingilio kikiongezwa elfu kumi na hela yote ikakarabati kuta zinazoliwa na bahari, utalipa au hulipi? Swali zito hilo, maana Kilwa na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, urithi wa dunia tangu 1981, zilikaa kwenye orodha ya hatari ya UNESCO toka 2004 mpaka 2014. Kasoro yake, mdomoni kila mtu anatoa, ndo maana 1993 jopo la wachumi Kenneth Arrow na Robert Solow huko Marekani lilipendekeza watu waulizwe ndiyo au hapana kwa kiasi maalum, sio "ungetoa ngapi". Uzuri wake inamfikia hata asiyesafiri, kama mtu wa Lindi ambaye hajafika Berlin lakini roho inamuuma kwa mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, huko huko Lindi, iliyochimbwa 1909 hadi 1913 ikapelekwa huko.

Sasa mimi ninachosisitiza ni mwenyeji. Bibi anayeishi pale kisiwani hapo hapo kwenye magofu hana safari ya kuhesabu, kwa hiyo njia ya kwanza kwa kawaida haimwingizi kabisa kwenye hesabu, na ukimuuliza atoe ngapi atajibu kwa mfuko wake ulivyo, sio kwa anavyopathamini. Kwa hiyo ukiletewa ripoti yenye namba ya namna hii ujue ni thamani kwa mgeni, na isitumike peke yake kuamua nani ahamishwe shamba au nani azuiwe kuvua.