Wodi zilizobaki tupu: tunayoambizana na yaliyo kweli

"Pale pana majini, ndo maana walihama." Uliza habari za wodi yoyote ya zamani iliyobaki gofu huku kanda ya ziwa utajibiwa hivo, na sisi wapiga picha tunalibeba jibu hilohilo mpaka kwenye kapsheni, picha inatiwa giza, ukuta unatiwa kijani cha ajabu, laiki zinamiminika. Ila ukweli ni kwamba wodi nyingi za namna ile duniani zimebaki tupu kwa sababu watu walipona. Hospitali za kifua kikuu zilijengwa enzi ambazo tiba ilikuwa hewa safi, jua na kulala miezi na miezi, halafu 1943 ikagunduliwa streptomycin, dawa zingine zikafuata, vitanda vikaanza kukosa watu. Ukoma nao hivohivo, 1981 WHO ikapendekeza dawa kadhaa zitolewe kwa pamoja, mgonjwa anameza akiwa kwao, zile kambi za kuwatenga zikakosa kazi. Zipo zilizofungwa kwa sababu zingine kabisa, Italia walipitisha sheria 1978 ya kufunga hospitali za vichaa, na hospitali ya Beelitz karibu na Berlin ilibaki tupu wanajeshi wa Kisovieti walipoondoka miaka ya 1990. Sasa mtu anasimama kwenye korido ya kambi ya zamani anasema mapepo, yani amewafuta wote waliolala pale na waliotoka wazima pia. Hii inaniuma jamani.

Na kama unataka stori ya kutisha ziwa letu linayo. Wakati wa malale, 1906 mpaka 1907, daktari Robert Koch aliweka kambi visiwa vya Ssese upande wa Uganda akawa anawadunga watu atoxyl, dawa yenye arseniki, na baadhi yao wakapofuka. Jini hapo yuko wapi?

"Mashine ya eksrei iliyoachwa inatoa mionzi." Hapana, eksrei inatengeneza mionzi umeme ukiwa unapita tu, ukikatika imekwisha. Ya kuogopa ni mashine ya kutibu saratani yenye chanzo cha mionzi ndani yake, ile haijui umeme wala swichi. Goiânia huko Brazil mwaka 1987 watu waliingia kwenye kliniki iliyohamwa wakabeba kipande cha mashine wakauze vyuma chakavu, ndani kulikuwa na sesiamu-137, unga unaong'aa bluu, watu wakaupenda wakagawana, wengine wakajipaka. Walikufa wanne, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi na watu zaidi ya laki moja ilibidi wapimwe. Kwa hiyo ukikuta chuma kizito chenye ile alama ya mionzi, ya mabawa matatu, usikiguse, usikae kutafuta engo, toka na utoe taarifa Tume ya Nguvu za Atomu.

Hatari za kila siku ni zingine: sakafu iliyooza, paa la asbesto lililovunjika, sindano chini, na kinyesi cha popo ambacho vumbi lake linaweza kukuletea fangasi ya mapafu. Barakoa ya N95, viatu vya soli ngumu, na usiende peke yako.

"Bila flashi hutoki na kitu." Zile wodi zilipewa madirisha makubwa na veranda ili upepo na mwanga vipite, ilikuwa sehemu ya tiba, sasa ukipiga flashi unaua kitu kilekile mjenzi alichokusudia. Tripodi, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), acha shata wazi sekunde kadhaa, dirisha likiwa kali piga tatu za mwanga tofauti uziunganishe baadae. Nenda asubuhi kabla jua la Mwanza halijachachamaa.

"Limeachwa, halina mwenyewe." Lina mwenyewe: halmashauri, dayosisi, wizara, familia fulani, na Kanuni ya Adhabu kifungu cha 299 kinaongelea kuingia kijinai. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, msalimie mlinzi kwa heshima, mwangaluka baba, eleza shida yako, omba kibali kwa maandishi. Mara nyingi mzee wa jirani atakuonesha wodi ipi ilikuwa ya nani, na picha yako itakuwa na maana kuliko ya aliyeruka ukuta usiku. Droni ina vibali vyake, mamlaka ya usafiri wa anga (TCAA) kwanza.

La mwisho ndo linalonikera kuliko yote, "mafaili yametupwa so ni ruksa kuyaposti". Jina la mgonjwa na ugonjwa wake haviwi vya umma kwa sababu paa limebomoka, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 taarifa za afya ni taarifa nyeti kisheria. Kule Willard, hospitali ya wagonjwa wa akili New York, mwaka 1995 yalikutwa darini masanduku ya wagonjwa zaidi ya 400, mpiga picha Jon Crispin akayapiga picha kwa ruhusa, sanduku kwa sanduku, nguo, barua, vyombo vya kunyolea, na unamwona mtu mzima pale bila kuoneshwa cheti chake. Ukikuta rejista zimetapakaa mwambie mwenye jengo azikusanye, wajukuu wa hao walioandikwa humo wengine wanaishi kijiji hichohicho.